Siku Moja Chini ya Gari: Kusafisha na Kung'arisha Matao ya Magurudumu

Saa 1:00 asubuhi

Gari linaingia likiwa bado na joto la barabarani, kwa hiyo silimwagii maji. Diski za breki zilizopata moto zikipigwa maji baridi ghafla huweza kupinda, na dawa nyingi za kusafishia hukaukia kwenye chuma cha moto na kuacha madoa magumu kuliko uchafu wenyewe. Nalizunguka na tochi, nikiangalia ndani ya kila tao la gurudumu, yaani ule uwazi wa mwili wa gari unaolifunika gurudumu, na kunakili ninachokiona kabla sijagusa kitu: tope lililoganda nyuma ya plastiki za madigadi, madoa ya lami kwenye kingo, vumbi la breki kwenye rimu, na weusi wenye unyevu kwenye shokapu moja ya nyuma.

Mwenye gari ananiambia waziwazi anachokitaka. "Fundi, nipakie nyeusi kote, juu ya magurudumu na chini kabisa, paonekane papya."

"Mzee, panapostahili kung'arishwa nitapang'arisha," namjibu. "Mahali pengine nitapaacha pasafi tu, ili makanika wako akiingia chini aone anachokitafuta."

Haonekani kuridhika sana, lakini ananiachia funguo.

Saa 2:00

Nalegeza nati za magurudumu ya mbele gari likiwa bado chini, kwa sababu likishanyanyuliwa gurudumu huzunguka pamoja na spana. Naweka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, nanyanyua kwa jeki mahali panapoonyeshwa na kitabu cha gari, kisha nalikalisha juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Kinachobeba gari ni stendi, na siingizi hata bega chini ya gari ambalo halijakaa juu yake na kutikiswa kidogo kuhakikisha limetulia.

Nikishatoa magurudumu, naanza kazi ya ukavu. Tope lililokauka linatoka vizuri zaidi kwa kikwaruzo cha plastiki na mkono kuliko kwa maji, kwani maji huligeuza uji na kulisukuma ndani zaidi, mahali ambapo halitaonekana tena. Pahali pa kuchunguza sana ni pale ukingo wa fenda unapokunjwa kuelekea ndani. Napitisha kidole kilichovaa glavu juu ya mkunjo huo, na kila kinapokwama natoa bonge la udongo lililochanganyika na majani yaliyooza. Sehemu ya nje ni kavu, lakini likivunjwa katikati bado lina unyevu. Bonge kama hilo hukaa limelowa siku nyingi baada ya mvua kukatika, likiwa limekumbatia bati, na kama gari hupita kwenye chumvi, iwe ya pwani au ile inayomwagwa barabarani kwenye nchi za barafu, kutu huenda kasi zaidi. Ndiyo maana fenda nyingi huanza kuoza kutoka ndani, na mwenye gari huja kujua rangi ya nje inapoanza kuvimba.

Saa 3:00

Sasa ni zamu ya maji. Kwenye mashine ya maji ya presha natumia ncha inayotawanya maji kwa upana, nikiishika umbali wa kama sentimita 30, na naupunguza ukali wake ninapokaribia nyaya za vihisi vya breki, plagi za umeme na mipira inayofunika jointi za ekseli. Mpira huo ukipasuka, grisi hutoka, mchanga huingia, na jointi haidumu. Kwenye magari ya haibridi na ya umeme naziepuka kabisa nyaya zenye ala ya rangi ya chungwa, ambazo hubeba volti za juu.

Dawa ya kusafishia nyuso zote naichanganya sehemu moja kwa nne za maji kwa ajili ya plastiki zenye uchafu mzito, na moja kwa kumi panapohitaji upole. Nainyunyiza kutoka chini kwenda juu, naisubiri dakika chache bila kuiacha ikauke, kisha nasugua kwa brashi ya mpini mrefu. Brashi na ndoo hizi hazigusi kamwe rangi ya nje ya gari. Na mwili wa gari hauoshwi kabla ya matao, maana matone ya tope yataurukia na kazi itaanza upya. Nashangaa jinsi wengi wanavyoendelea kuosha kinyume.

Matao ya nyuma ya gari hili yamevishwa kitambaa kizito badala ya plastiki. Hapo sabuni inakuwa nyepesi, maji mengi ya kusuuza, na hakuna dawa ya kung'arisha itakayopakwa, kwa sababu kitambaa hufyonza mafuta na kuyageuza gundi ya vumbi.

Saa 4:30

Rimu zimelala kwenye mkeka. Nazinyunyizia dawa ya kuondoa chembe za chuma, na baada ya dakika chache inageuka zambarau na kutiririka: dawa inakutana na vumbi la chuma lililotoka kwenye breki. Harufu yake haisahauliki, na glavu na miwani si hiari. Lami naiondoa kwa dawa yake, kwa kitambaa, bila kukwangua.

Saa 5:30

Chini ya gari sisugui kila inchi. Nasuuza kwa mkono wa mashine uliopinda, nikilenga migongo ya mikono ya sasipensheni inayoshikilia magurudumu, kingo za chini ya milango na sehemu ya juu ya tangi la mafuta, ambako mchanga hujikusanya. Penye grisi napaka dawa ya kuikata kwa brashi ndogo, mahali penyewe tu. Maji yanayotoka hapa yana mafuta, hivyo sehemu ninayooshea ina mtego wa kuyatenga kabla hayajaingia kwenye mfereji. Mwisho nazibua kwa waya mwembamba vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango. Viwili vimeziba, na cha pili kinamwaga maji ya kahawia.

Saa 7:00 mchana

Kukausha kunachukua muda kuliko watu wanavyodhani. Napuliza hewa ya kompresa kwenye mikunjo, nyuma ya plastiki na kwenye viungio, kisha naliacha gari lipigwe na upepo wakati napumzika. Dawa yoyote ikipakwa juu ya unyevu huteleza, na nta ya kuzuia kutu ikiufunika unyevu huutunza pale pale penye bati.

Saa 8:30

Gari sasa linasomeka. Ile shokapu ya nyuma niliyoiona asubuhi imeshafutwa, na baada ya saa kadhaa uzi wa mafuta mapya umeshuka tena kutoka kwenye sili yake. Ukungu mwembamba wa mafuta kwenye shokapu ni wa kawaida. Mafuta yanayotiririka si ya kawaida. Napiga picha. Kwenye mkunjo wa fenda ya mbele kuna kutu ya juujuu, ambayo naikwangua hadi chuma kigumu, napaka dawa ya kuigeuza isiendelee kula, kisha rangi. Kuifunika kwa lami nzito ya mpira bila kuikwangua, kama wanavyofanya wanaouza gari wiki inayofuata, ni kuificha iendelee kula ikiwa gizani.

Saa 9:30 alasiri

Dawa ya kurudisha weusi, iliyotengenezwa kwa msingi wa maji, naipaka kwa sponji kwenye plastiki za matao ya mbele tu. Nasubiri inywe, kisha nafuta ziada kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa ziada ndiyo inayorukia mwilini gari likianza kwenda. Haifiki kwenye diski, pedi, kalipa (kifaa kinachobana pedi) wala kwenye uso wa tairi unaogusa barabara. Nta ya kuzuia kutu naipuliza kwenye mikunjo ya bati na ndani ya kingo za milango, vitundu vikibaki wazi, mbali na bomba la moshi na mbali na bushi, vile vipande vya mpira kwenye viungio, ambazo mpira wake wa asili huvimba ukikutana na mafuta.

Saa 11:00 jioni

Nati nazikaza kwa mtindo wa msalaba, na namalizia kwa spana ya kupimia mkazo, gari likiwa chini, kwa kipimo cha kitabu chake. Naliendesha taratibu na kufunga breki mara kadhaa ili kuondoa kutu nyepesi iliyojitokeza kwenye diski baada ya kulowa.

Mwenye gari anainama, anaona matao meusi na chuma cha chini kilicho safi lakini bila mng'aro. Kabla hajauliza namwonyesha picha ya shokapu, kisha namwonyesha ile yenyewe kwa tochi.

"Kwa hiyo ungeipaka ile nyeusi nisingeijua hii?"

"Usingeijua, mzee. Nati zikazwe tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100, na hiyo shokapu aiangalie makanika wiki hii."