Tarehe Imesogezwa

Leo kliniki ya upasuaji nimepewa maneno, tena kwa haki. Mama mmoja alikuja kulazwa aondolewe uvimbe kwenye kizazi. Kanga ziko kwenye mfuko, chupa ya chai mkononi, ndugu zake wawili wameshachangia damu. Majibu ya maabara yakaja: Hb (kipimo cha wingi wa damu) 8.1, ndogo mno kwa upasuaji. Daktari wa usingizi akakataa.

"Sista, si damu ndugu zangu wametoa? Niongezeeni basi tumalize."

Chupa moja ya damu hupandisha Hb kwa gramu moja hivi, na kuongezewa damu kuna hatari zake. Hiyo tunaiweka kwa dharura. Halafu tatizo lake halikuanza jana. Hedhi ya kubadilisha pedi kila baada ya saa moja imemkausha akiba ya madini ya chuma. Feritini, kipimo cha akiba hiyo, imesoma 9, wakati chini ya 30 tu tayari tunasema akiba imekwisha.

Kinachoniudhi ni kwamba tarehe alipangiwa miezi miwili nyuma, damu ikapimwa wiki hii! Wangempima siku ileile, vidonge vya chuma vingekuwa vimeshafanya kazi. Wiki tatu au nne huwa zinatosha kuona Hb ikipanda.

Tukakaa pembeni, nikamwelekeza. Kidonge kimoja, siku moja anameza, inayofuata anaruka, maana ukishameza, mwili hubana mlango karibu siku nzima na cha kesho yake sehemu kubwa inapita bure. Anywe na maji ya machungwa. Chai ya rangi isogee mbali na dawa, angalau saa mbili. Choo kitakuwa cheusi, asishtuke (wengi huachia dawa hapo hapo). Daktari kamwongezea na dawa ya kupunguza hedhi, la sivyo tutakuwa tunaingiza huku inatoka kule.

"Na juisi ya rozela?"

Anywe akipenda, ila 8.1 haipandishwi na juisi peke yake.

Mumewe akataka kujua kama zile chupa mbili zitaharibika. Nikamwambia damu kwenye friji ina siku zake, kama 35 hivi, kwa hiyo atapewa mwenye shida sasa, na zamu ya mkewe ikifika itatafutwa nyingine. Akaridhika kuliko nilivyotegemea.

Tunapima tena baada ya wiki nne. Miongozo ya kimataifa siku hizi inataka Hb 13 kabla ya upasuaji, hata kwa mwanamke. Asipofika hata 10, itabidi tuzungumzie chuma cha kwenye mshipa, kama famasi watakuwa nacho na bei itawezekana.