Dar mpaka Bukoba na mama, safari hii tukapita darajani

Mama yangu hajapanda chombo chochote cha majini tangu tarehe 21 Mei 1996. Siku hiyo meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikiwa imeshakaribia Mwanza, na mdogo wake, mjomba wangu, alikuwa ndani. Mimi nilikuwa na miaka sita, ninachokumbuka ni redio na watu wamejaa uani. Toka hapo akienda nyumbani Bukoba ni basi tu, tena lile la kupita Kahama na Biharamulo, maana hata kivuko cha pale Kigongo alikuwa hataki kukisikia, unamwambia mama ni muda mfupi tu tumeshavuka, anakuangalia halafu ananyamaza.

Sasa Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kama kilomita 3 juu ya maji, nikampigia simu nikamwambia mama mwezi wa nane nachukua likizo twende na gari yangu. Akauliza, kwa hiyo gari haishuki kwenye maji? Nikamwambia haishuki. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema sawa, ila tupite kwanza Igoma.

Igoma ndo kwenye makaburi ya waliokufa kwenye ile meli, pale Mwanza. Miaka yote hiyo mama hajawahi kufika.

Tulitoka Kimara saa kumi alfajiri, fulu tenki, chai kwenye chupa, maandazi, shuka mbili. Kibaha na Mlandizi malori yamejipanga mpaka basi, Chalinze jua ndo linachomoza. Morogoro tukanywa supu pale Msamvu, mambo safi, mama anaongea njia nzima, anasoma kila kibao kwa sauti. Kabla ya Gairo nikapigwa tochi, nilikuwa 64 sehemu ya 50, kosa langu kabisa, elfu 30 ikaenda.

Tatizo lilikuwa kusimama. Mama kila akiona kitu barabarani anataka tusimame, Dumila nyanya na vitunguu, Gairo viazi vitamu ndoo nzima, Dodoma zabibu, na sio kwamba ananunua haraka, anashuka, anasalimia, anauliza shamba liko wapi, anachagua kimoja kimoja. Mimi naangalia saa. Naendesha peke yangu, mgongo unauma, na sikutaka giza linikute kabla ya Singida. Tulipopanda kile kilima baada ya Kintinku na kukaribia Manyoni jua limeshaanza kushuka, mama akasema simama hapo wana asali. Nikamfokea. Yaani nilipandisha sauti kabisa, nikamwambia mama hii sio daladala, kwani huko Bukoba hakuna chakula?

Hakujibu. Kutoka hapo mpaka Singida ni zaidi ya kilomita mia, na mama hakusema neno hata moja, hata vibao akaacha kusoma. Mkoba wake kaukumbatia kifuani kama yuko kwenye basi na watu asiowajua. Mimi nataka kuomba radhi maneno hayatoki, taa za malori zinanipiga machoni, upepo wa Singida unasukuma gari pembeni, aisee sitaki kurudia ule usiku. Gesti tulichukua vyumba viwili, nikaagiza kuku wa kienyeji, si tuko Singida bwana, mama akala paja moja akaniambia usiku mwema. Nililia kidogo bafuni. Kesho yake asubuhi nikamwamkia shikamoo mama, nikamwambia naomba unisamehe kwa jana. Akasema marahaba, umechoka mwanangu, kunywa chai. Basi. Ndivyo alivyo.

Siku ya pili tumeshapita Misigiri, tunakaribia kushuka mlima Sekenke, nikasikia harufu kama ya sukari inayoungua. Kuangalia mshale wa joto uko juu kabisa. Gari imechemsha. Nikapaki pembeni, nikafungua boneti, mvuke ukanipiga usoni, na wiki moja tu nyuma fundi alikuwa ameniambia gari iko poa nenda popote. Mama alishashuka, anavunja matawi ya vichaka, akaenda kuyapanga barabarani nyuma yetu moja moja kwa umbali uleule, kitenge kimefungwa kiunoni, malori yanampita karibu.

Mbele kidogo kulikuwa na lori la kwenda Kigali limesimama, dereva na utingo wake wanaangalia breki kabla ya kushuka. Yule baba akaja mwenyewe bila kuitwa. Kwanza akanishika mkono nisifungue mfuniko wa rejeta, akasema dada hapo utaungua uso, kaa mbali nusu saa. Tukakaa. Injini ilivyopoa akapitisha kidole kwenye mpira wa juu unaoingia kwenye rejeta, akanionesha, mwisho kabisa pale unapobanwa umepasuka, ufa mdogo kama kucha ya mtoto. Akatoa kisu, akakata kile kipande kilichopasuka, kama sentimita mbili hivi, akauvuta ule mpira uliobaki mpaka ukafika, akaubana upya kwa bisibisi. Utingo akaleta dumu la maji, wakajaza taratibu, wakaniambia washa, acha iungurume, ongeza maji, funga. Nikatoa hela, yule baba akakataa, akasema wewe ukifika Mwanza nunua mpira mpya na maji yale uyamwage uweke kulanti.

Mama akafungua buti. Akampa utingo nusu ya viazi vya Gairo na boksi zima la zabibu. Yule kijana alifurahi jamani, akaanza kula zabibu palepale kabla hata ya kuosha mikono. Mama akaniangalia, hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga, nakanyaga taratibu macho kwenye mshale. Mwanza tukaingia usiku, asubuhi nikabadilisha mpira, saa tatu tuko Igoma.

Hapo sina mengi ya kuandika. Mwili wa mjomba hatukuwahi kuuona, kwa hiyo mama hakuwa na kaburi la kusema ndo hili. Alizunguka pole pole. Mwishoni akachagua sehemu, akapiga magoti, akang'oa majani kwa mkono eneo kama la mkeka, akayakusanya, akayatupa nje. Alitumia karibu saa nzima. Sikumwambia tunachelewa wala tuwahi.

Halafu Usagara, kulia, darajani. Nilitegemea atafumba macho au atasali. Badala yake nguzo zile kubwa zilipoanza kuonekana akaanza kuongea. Akaniambia siku ile mjomba anaondoka ndiye yeye aliyemfungashia mkungu wa ndizi wa kupeleka kwa rafiki yake Mwanza, mjomba alikuwa hautaki kwa sababu ni mzito, yeye akamlazimisha, akamfungia kwa kamba za migomba na majani makavu, na akamwambia usiuache. Miaka 29 anawaza labda aliung'ang'ania ule mkungu. Hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Maji yako pande zote mbili, yametulia, mimi naendesha mkono mmoja, mwingine nimemshika. Alipomaliza kusimulia tulishakanyaga Busisi, akageuka nyuma akaangalia, akauliza, ndo tumeshavuka? Kivuko kilikuwa kinakula saa nzima na zaidi ukikuta foleni. Sisi ni dakika chache tu.

Baada ya hapo mama akarudi kuwa mama. Sengerema kasoma vibao vyote. Geita tukasimama kununua mananasi, na nikasimama mwenyewe kabla hajasema, nikakaa kwenye gari na kioo wazi nikimsikiliza anavyomhoji yule dada mpaka majina ya watoto wake. Tukapita Chato, kule Kyamyorwa, jioni tukaingia Muleba, migomba ikaanza kushika pande zote za barabara na hewa ikawa ya baridi baridi ile ya kwetu. Tulipofika nyumbani Bukoba odomita ilikuwa imeongezeka zaidi ya kilomita 1,500 toka Kimara.

Usiku huo nikiwa kitandani nilimsikia anaongea jikoni na mama mdogo, Kihaya kinaenda mbio kuliko ninavyoweza kufuata, ila neno Igoma nililisikia mara nyingi sana, na wakawa wananyamaza, halafu wanaendelea.

Tuliporudi Dar wiki mbili baadaye siti ya nyuma ilikuwa na mama mdogo, na jembe dogo kaliweka miguuni.