Misali, madodoso yangu na neno mazingira

Nilienda Pemba na madodoso 40 kwenye begi na kila swali lilikua na neno lile lile, mazingira. Unayaonaje mazingira, unayatunzaje mazingira, nani mwenye jukumu la mazingira. Supavaiza aliyapitisha, na mimi mwenyewe niliyaona makali kweli, mana nasoma masta ya jinsi jamii zinavyoishi na mazingira yao basi nikajua naenda kisiwa cha Misali siku mbili tatu narudi na data.

Boti ya Unguja kwenda Mkoani, bandari ya Pemba, ikanitia adabu mapema. Ukikaribia mkondo wa Nungwi watu wanapunguza maneno wenyewe, mama niliyekaa nae akatoa ndimu kwenye mkoba akanipa ninuse bila kuniuliza, alafu akashika tasbihi. Maji hayo hayo ya Nungwi ndo MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba. Mimi nilitapika, tuishie hapo.

Daladala ya Chake Chake, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi harufu inaingia mpaka ndani ya gari, nikalala Chake. Nahodha nilimpigia usiku nikamwambia tuondoke bandari ya Wesha saa 4 asubuhi, nishakunywa chai. Akacheka. "Saa 4 maji yameshatoka, boti utaibeba wewe?" Akanambia ama nije mara tu baada ya sala ya alfajiri ama nisubiri saa 8 mchana. Alfajiri nikapitiliza bwana, usingizi wa boti ule. Nilipofika Wesha bahari imerudi nyuma huko, vyombo vimelala ubavu kwenye matope na watu wako mwambani na vyuma vyao wanachokoa pweza, nikakaa chini ya mti masaa manne na begi langu la madodoso nasubiri maji.

Misali ni kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Pemba, sisi tulitumia kama saa moja. Ukishuka unakuta dago, vibanda vya makuti vya wavuvi wanaokuja kukaa siku kadhaa kufata samaki, moshi, chumvi, mtu anashona nyavu mwengine anakuna nazi. Nikapelekwa kwa mzee mmoja, nikatoa shikamoo, nikajieleza, nikaanza na swali la kwanza.

"Mzee, nyie hapa mnayaelewaje mazingira?"

Akaniangalia. "Mazingira ndo nini mwanangu?"

Nikamwambia ni vitu vyote vinavyokuzingira, bahari, miti, upepo. Vijana pembeni wakaanza kucheka kabla sijamaliza. "Sisi ndo tunaozingira," akasema, "tunazingira samaki kwa nyavu. Sasa hiyo bahari imenizingira mie, mie samaki?"

Nilicheka nao ila ule mchana niliumia kidogo, mana lile neno ukilitazama vizuri linakuweka wewe katikati na vitu vyengine vyote pembeni vinakuzunguka. Mzee hakuwahi kukaa katikati ya kitu chochote. Yeye anaongelea kusi na kaskazi, bamvu (maji yakijaa na kutoka sana) na maji mafu (yakisogea kidogo tu), mwamba gani una changu na lini. Madodoso nikayarudisha kwenye begi nikamwacha aongee.

Akanipa hadithi ya jina, ambayo karibu kila mvuvi pale anayo. Kwamba Nabii Khidhri alifika kisiwani akawaomba wavuvi mswala asali, hawakua nao, akasema basi kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, hiki ndo mswala. Misali, mswala. Sasa mswala hukanyagi na viatu, hutupi taka juu yake, na sijasikia semina iliyonieleza hifadhi kwa ufupi hivyo.

Alafu kuna siasa yake. Miaka ya 90 mwanzoni palikua na mpango wa kujenga hoteli ya kitalii, wavuvi wakakataa, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi, upande mmoja marufuku kuvua kabisa, kwengine ruhusa. 2005 ikaingizwa kwenye hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Baruti na nyavu za kukokota zilishapigwa marufuku kisheria ila watu walikua wanaendelea, ndo mradi wa hifadhi ukaja na njia ya kupitia dini: binadamu ni khalifa, yani msimamizi wa Mungu duniani, bahari ni amana, na ile aya ya Suratul Rum inayosema ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yaliyofanywa na mikono ya watu.

Msije mkadhani dini imemaliza kila kitu. Nilimuuliza mzee kama wapo wanaoingia usiku sehemu ya marufuku, akanyamaza, akageuza samaki jikoni, akasema "njaa nayo ina kibla chake." Kijana mmoja akaondoka pale. Sikuuliza tena.

Usiku tulienda fukwe ya magharibi, mwezi mkubwa, hatukuwasha tochi mana kasa anakuja kutaga huko na akiona mwanga anageuza. Hakuja. Tulikuta mburuzo tu kwenye mchanga kama wa tairi la trekta, nahodha akasema huo wa jana.

Asubuhi kabla sijaondoka nikajaza dodoso moja kwa maneno ya mzee, nikamsomea, akakubali. Akauliza pale juu umeandika nini, nikamwambia tarehe. Akasema hiyo mtu wa dago akiisoma hatajua maji yalikuaje, futa. Nikafuta nikaandika alivyosema, mwezi 16, yani siku ya 16 tangu mwezi uandame, bamvu.

Madodoso 39 yamerudi meupe, na supavaiza bado hajajibu imeili.