Swali la Mkunga Kuhusu Fedha

Katika kliniki ya wajawazito niliyohudhuria hapa Glasgow, Uskoti, mkunga alimaliza kunipima shinikizo la damu, akaandika kwenye jalada, kisha, kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza kama mtoto anacheza tumboni, akataka kujua kama fedha zinatutosha mpaka mwisho wa mwezi. Nilimjibu kwamba hatuna shida. Ilikuwa Januari 2022, mume wangu amepunguziwa saa za kazi, nasi tulikuwa tukiwasha hita ya chumba kimoja tu, tena jioni, kwa sababu mita yetu ya gesi ni ya kulipia kwanza na salio lilikuwa halifiki Jumapili.

Nilidanganya kwa aibu. Mkunga hakunibana; aliniambia tu kwamba swali hilo huulizwa kila mama, mwenye nacho na asiye nacho, na kwamba angeniuliza tena. Mwezi uliofuata aliuliza, nikasema kweli, na palepale akaniandikia rufaa ya kwenda kwa mshauri wa madeni na mafao, yaani misaada ya fedha ya serikali, kama ambavyo angeniandikia rufaa ya kipimo chochote.

Baadaye nilifahamu kwamba utaratibu huu ulianza katika huduma za afya za eneo la Glasgow mwaka 2010, kwa mpango uitwao Healthier, Wealthier Children, ambao uliwapa wakunga na wauguzi wanaotembelea watoto majumbani jukumu la kuzipeleka familia zenye dhiki kwa washauri wa fedha. Mji huu una sababu ya kufanya hivyo. Ripoti ya mwaka 2008 ya tume ya Shirika la Afya Duniani ilionyesha kuwa mwanamume wa Calton, mtaa wa hapa mjini, alitarajiwa kuishi miaka 54, ilhali wa Lenzie, kilomita kama 13 tu kutoka hapo, alitarajiwa kufikisha 82. Pengo la miaka 28 haliwezi kuzibwa na vidonge peke yake, maana mtu asiyelala kwa kuwaza deni anaweza kupandwa na shinikizo la damu hata kama dawa anazimeza kwa wakati, na mtoto anayelala katika chumba chenye baridi na ukungu ukutani hurudi na kifua kilekile kila baada ya wiki chache. Sheria ya Uskoti ya mwaka 2017 inazitaka halmashauri na bodi za afya kutoa pamoja, kila mwaka, taarifa ya hatua wanazochukua dhidi ya umaskini wa watoto, jambo ninaloliona kuwa la busara sana.

Mshauri wetu alianza kwa kuuliza habari za viza, kabla hata ya kugusa mapato. Wahamiaji wengi viza zao zimeandikwa kwamba hawaruhusiwi kupokea fedha za umma, na anayeomba fao asilostahili anaweza kuhatarisha ukaazi wake. Sisi tulikuwa na ukaazi wa kudumu, hivyo alitusaidia kuomba fao la wenye kipato cha chini, akaandika barua ya kulipa malimbikizo ya kodi ya halmashauri kidogo kidogo, na akatueleza kuhusu malipo ya mtoto yanayotolewa na serikali ya Uskoti. Mwanetu alizaliwa Aprili hiyo, malipo hayo yakiwa ndiyo kwanza yamepandishwa kutoka pauni 10 hadi 20 kwa wiki; Novemba yakafika 25. Tulianza kuwasha hita mbili.

Siku hizi huwasindikiza kina mama wenzangu wanaohitaji mkalimani. Swali lile likifika, wengi hujibu haraka kwamba wako salama, kama nilivyojibu mimi. Hutafsiri jibu lao kama lilivyo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, lakini tukiwa njiani kuelekea kituo cha basi huwaeleza habari za mita yangu ya gesi, na kwamba mkunga atauliza tena.