Kipofu aliyeitwa na wafu: sinema ya Kijapani niliyoiangalia nyumbani Lamu

Vijana wa mtaani kwetu wanaangalia muvi za kutisha kwa simu mpaka alfajiri, na kila siku nawaambia hizo si za kutisha, ni za kushtua tu. Mlango unabamizwa, mtu anaruka, umeshtuka, yameisha, asubuhi hata jina la muvi hulikumbuki. Ukitaka kuogopa kwelikweli tafuta Kwaidan, sinema ya Kijapani ya mwongozaji Masaki Kobayashi, ya mwaka 1964, lakini ujiandae manake ni zaidi ya saa tatu na haina haraka hata kidogo, mtu anaweza kutembea kutoka mlangoni hadi kitandani ukadhani anakwenda Mombasa. Shangazi zangu wawili walilala kabla hajafa mtu yeyote.

Tuliiangalia juu, darini, chini ya makuti. Binamu yangu ana projekta anayokodisha kwa maharusi na wiki hiyo hakukuwa na arusi, basi tukatundika shuka jeupe, bibi akaletewa kiti chake, na mimi nikapewa kazi ya kusoma sabtaito za Kiingereza na kuzigeuza Kiswahili kwa sauti ili bibi afuate. Mtu ukiitafsiri filamu kwa mdomo namna ile huwezi kujificha nyuma ya shuka wala kujifanya unasoma meseji, itabidi uyaseme yote, na wewe ndiye unakuwa sauti ya jini.

Hadithi ziko nne. Sitazieleza zote sawasawa kwa sababu moja ndiyo imeniganda, ile ya tatu, ya Hoichi, na kusema kweli ningekuwa mtu wa Nairobi au wa bara nisingeona kwa nini imeniganda hivi.

Kwanza asili yake. Hadithi zimetoka kwa mwandishi anaitwa Lafcadio Hearn, mtu wa ajabu sana, alizaliwa 1850 kwenye kisiwa cha Ugiriki kinaitwa Lefkada, akakulia Ireland, akafanya kazi magazetini Marekani, halafu mwaka 1890 akatia nanga Japani na hakutoka tena. Akaoa huko, mke wake Setsu, akachukua uraia na jina la Koizumi Yakumo, akafa 1904, mwaka uleule kitabu chake cha Kwaidan kilipotoka. Jicho moja lilikufa tangu ujanani na la pili nalo lilikuwa hafifu. Sasa hizi hadithi nyingi alizipata kwa kusimuliwa na mkewe usiku, na alikuwa hataki amsomee kitabuni, anataka amsimulie kwa maneno yake mwenyewe, kwa fikra zake. Setsu alieleza baadaye kwamba wakati mumewe anaiandika hii ya Hoichi, jioni moja giza limeingia na taa haijawashwa, yeye akaita taratibu kutoka chumba cha pili, "Hoichi! Hoichi!" na bwana akajibu palepale gizani, "Naam, mimi ni kipofu, wewe ni nani?" Halafu akanyamaza. Mimi hiyo peke yake inanitosha kuliko muvi kumi za Hollywood, mume na mke wanacheza ndani ya hadithi na hakuna anayecheka.

Haya, hadithi yenyewe. Mwaka 1185 kulipiganwa vita vya baharini Dan-no-ura, kwenye mlango wa bahari wa Shimonoseki, koo mbili kubwa, Heike na Genji, zinagombea nchi. Masimulizi yanasema mwanzo mkondo wa maji ulikuwa upande wa Heike, halafu maji yakageuka, na yalipogeuka wakaisha. Wanaume, wanawake, watumishi, wakajitosa baharini. Walikuwa na mfalme mtoto mdogo, Antoku, na bibi yake akamkumbatia akazama naye. Tangu hapo watu wa pwani ile wakawa wanasema bahari imeingiliwa, mioto inaonekana juu ya maji usiku, na kuna kaa wa huko ambao gamba la mgongoni limekaa kama uso wa mtu aliyekasirika, wakaitwa kaa wa Heike, ati ndio wale mashujaa. Wakajenga hekalu la kuwatuliza, Amidaji, na makaburi ufukoni.

Nilipofika hapo pa maji kugeuka, bibi akasema, "Kama Shela."

Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa, lakini kwa mgeni: mnamo 1812 hivi Wamazrui wa Mombasa pamoja na watu wa Pate walikuja kuipiga Lamu, wakashuka Shela, wakashindwa, wakakimbilia vyombo vyao wakavikuta vimepwelewa, maji yametoka na madau yamelala mchangani. Waliuawa palepale ufukoni. Mifupa yao ilikuwa ikionekana kwenye vile vilima vya mchanga miaka na miaka baadaye, upepo ukifukua. Leo pale pale watalii wanapiga selfi na kunywa maji ya dafu, na sisi wenyewe tunaenda kuogelea Ijumaa jioni, sisemi ni vibaya, nasema tu kwamba sijawahi kusikia mtu akiwasomea wale wa Shela chochote. Walikuwa maadui lakini walikuwa Waislamu, Waswahili, wengine bila shaka jamaa zetu, manake Pate na Amu zimeoana tangu zamani.

Hoichi anaishi hapo hekaluni. Kipofu, kijana, maskini, kazi yake ni kupiga biwa na kuimba kisa cha vita vya Heike. Biwa ni kinanda cha nyuzi kinachopigwa kwa kipande kipana cha mbao mkononi, kilipita Uchina kikafika Japani na asili yake inarudi mpaka Uajemi huko, kwa hiyo ni wa ukoo mmoja na udi wetu wa taarabu, na ukisikia namna anavyoikwaruza nyuzi halafu anaiacha ilie peke yake, utaona undugu haujapotea. Usiku mmoja mkuu wa hekalu hayupo, Hoichi amekaa barazani apigwe na upepo, akasikia mtu anakuja na mavazi ya chuma yanalia. Sauti ikamwita jina. Bwana wangu mkubwa yuko hapa karibu, anataka umwimbie vita vya Dan-no-ura. Hoichi anaogopa kukataa, anashikwa mkono, anapelekwa, anasikia lango linafunguliwa, anasikia nguo za hariri zinasuguana na watu wengi wamekaa, anaimba. Na wao wanalia. Anapofika mahali yule bibi anazama na mtoto wanalia mpaka yeye mwenyewe anaingiwa na hofu. Wanamwambia arudi usiku wa pili na wa baadaye, na asimwambie mtu.

Sisi tunaona tayari, yeye haoni. Wafanyakazi wa hekalu wakamfuata kwenye mvua wakamkuta amekaa makaburini peke yake anapiga biwa mbele ya kaburi la mfalme mtoto, mioto imemzunguka.

Hapo mkuu wa hekalu, amechezwa na Takashi Shimura, yule mzee wa sinema nyingi za mwongozaji Kurosawa, anasema akienda tena watamrarua. Dawa ni moja. Yeye na msaidizi wake wanamvua nguo, wanachukua brashi na wino, wanamwandika sala yao mwili mzima, na kamera haiondoki, brashi inapita kwenye paji la uso, kope za macho yaliyofumba, kidevu, kifua, mgongo, nyayo, mistari inashuka imenyooka, mpaka ngozi haionekani tena ni maandishi matupu. Anaambiwa akae kimya, akiitwa asijibu. Usiku yule askari anakuja, anaita, kimya. Anatafuta, anaona biwa, na kando ya biwa anaona masikio mawili yanaelea hewani. Walisahau kuandika masikio. Basi akasema angalau nimpelekee bwana wangu hivi kuwa ushahidi kwamba nilifika, akayang'oa. Na Hoichi hakutoa sauti.

Shangazi mmoja alikuwa ameamka, akapiga yowe la kuamsha punda wa jirani. Bibi hakushtuka, alikuwa amekasirika. "Walisahau mashikio! Mtu ana mashikio mawili, wote wawili hawakuyaona?" Halafu akaanza kuifanyia sinema ukaguzi. Ati kuandika juu ya ngozi ndio kosa lenyewe. Kombe, ile dawa ya aya za Kurani, huandikwa sahanini kwa zafarani, ikaoshwa kwa marashi, mtu akanywa, ikaingia ndani ikaenda kila mahali, wapi utasahau? Ukiandika nje lazima utaacha pahali. Binamu akajaribu kumwambia, "Bibi, hawa si Waislamu, yao ni dini ya Buddha," akajibiwa kwamba hilo amelijua tangu mwanzo ana macho, yeye anazungumzia kazi, na kazi haikufanywa vizuri.

Nimeifikiria sana ile hoja na kila nikiifikiria naona bibi aligusa kiini. Maneno yale yalimlinda Hoichi mwili wote yakaacha mahali pamoja tu, na pahali penyewe ndipo alipokuwa akiishi. Kipofu mwimbaji, dunia yake yote imeingilia masikioni, ile hadithi ya Heike yenyewe aliisikia, hakuisoma. Wafu nao walimpata kwa njia hiyohiyo, kwa kumwita. Kwa hiyo mimi siwezi kuona ni bahati mbaya tu ya mtu kusahau.

Na kitu kingine. Hawa Heike hawataki damu ya mtu. Hakuna aliyemdhuru Hoichi siku zote alizokwenda, wamemsifu, wameahidi kumlipa, wamekaa kwa adabu. Walichotaka ni kusikia kisa chao kikisimuliwa vizuri, na mtu anayekijua vizuri alikuwa mmoja, fukara, kipofu. Ukatili ulianza alipofichwa. Sisemi mkuu wa hekalu angemwacha tu, mtu anayeimbia makaburi kila usiku atadhoofika afe, lakini Kobayashi mwenyewe mwishoni anaegemea huko, kwa sababu Hoichi akiisha kupona, watu wakubwa wakija kumsikiliza na zawadi zao, anakubali kuendelea kupiga, apige maisha yake yote, ili zile roho zitulie. Hakukimbia. Sisi tungeshamhamisha Malindi kwa shangazi.

Zile tatu nyingine nitazipitia haraka. Ya kwanza ni nywele nyeusi, mwanamume fukara wa Kyoto anamwacha mke wake mfumaji akaoe kwa matajiri mbali, anajuta, anarudi miaka baadaye anamkuta kakaa palepale anafuma, mzuri vilevile, hana lawama. Wanawake wote darini walisema kwa pamoja "huyo amekufa zamani" na walikuwa sahihi. Ya pili ya mwanamke wa theluji, anayemwacha kijana hai kwa sharti asiseme alichokiona, na wewe unajua atamwambia nani. Mbingu ya hiyo hadithi imechorwa macho makubwa yanakutazama. Ya nne, uso ndani ya kikombe cha chai, imeachwa haina mwisho makusudi, binamu ikamuudhi, mimi naiona ndogo lakini ina ujanja.

Mbingu zote za muvi hii zimechorwa kwa mkono, na sehemu kubwa walipigia ndani ya bohari la ndege lililokuwa halitumiki, ndio maana jua lina rangi ambayo jua halina. Hata vile vita vya baharini utaona maji yanakaa kama ya kwenye ndoto, na katikati wanaingiza mchoro wa zamani wa vita vyenyewe. Muziki ni wa Toru Takemitsu, na sijui kama niuite muziki, manake kwenye ile ya nywele unasikia mbao zinapasuka na sauti inakuja kuchelewa, mtu anaanguka kimya halafu kishindo ndio kinafika. Kuna sehemu ndefu hazina sauti kabisa, nikadhani spika imekufa, binamu akaenda kugusa waya, kumbe ndivyo ilivyo. Biwa unayoisikia amepiga mwanamke, Kinshi Tsuruta, na sauti yake nzito sana.

Tamasha la sinema la Cannes, Ufaransa, waliipa zawadi maalumu ya majaji mwaka 1965. Walipoipeleka Marekani walikata ya theluji yote ili ifupike, kwa hiyo ukiitafuta angalia muda, inatakiwa iwe dakika 183. Ikikosa theluji umeuziwa ile iliyokatwa. Na kama una bibi nyumbani usimwache chini, mpandishe, mtafsirie, atakuonyesha mahali walipokosea.