Mikono myekundu, na mbuyu wa mama mkwe

Jumapili usiku. Watoto wamelala, umeme umerudi, na mikono yangu bado myekundu. Hii rangi haitoki jamani, nimesugua na limao, nimesugua na majivu, kesho nina kikao cha wazazi shuleni na ntaenda hivi hivi kama mtu aliyetoka kuchinja.

Kwa ambao hamnijui, mi napika ubuyu wa kuuza. Ule ule mwekundu, unachemsha sukari na maji kidogo mpaka inaanza kuvutika, unatia rangi, iliki, vanila, chumvi kwa mbali, pilipili ya kusaga kwa wanaotaka wa moto, alafu unamwaga ubuyu wako humo na hapo ndo mkono unapata kazi maana ukizembea tu kukoroga umeshashika chini. Sufuria yangu ya kwanza iliungua yote, nyumba ikanuka wiki nzima, baba watoto akawa anaingia ndani kapandisha shati puani. Saivi nimekua fundi, oda zinakuja kwa simu, watoto wa mtaa mzima ndimi nyekundu kwa ajili yangu.

Ila nitubu hapa hapa. Muda wote huo napika sikuwahi kujiuliza huu ubuyu ulikuaje kabla ya kuingia kwenye kiroba. Nanunua sokoni, naweka stoo, napika, basi. Mi mtoto wa Dar, mbuyu niliujua kwa maneno. Nilijua kuna kituo cha daladala kinaitwa Mbuyuni, nilijua "kuzunguka mbuyu" ni kutoa rushwa, nilijua mtu akikwambia nipe ubuyu anataka umbea, na nilijua kwamba saa saba mchana hupiti chini ya mbuyu peke yako maana wenyewe wamepumzika. Mashetani, rushwa, umbea na pipi. Mti mkubwa hivyo, na elimu yangu yote juu yake ndo hiyo.

Sasa mwezi wa nane tukaenda kwa wazazi wa mume wangu, Dodoma vijijini, upande wa barabara ya Iringa kabla hujafika Mtera. Treni ya umeme mpaka Dodoma mjini, kutoka pale basi, kutoka kwenye basi bodaboda, na huko mwisho kabisa ni miguu yako. Kiangazi kimekolea, vumbi, kila kitu rangi ya biskuti. Na mibuyu. Yani nilikua naiona kwenye dirisha la basi nikadhani imekufa yote, haina jani hata moja, matawi yamekaa kama mizizi, nikaelewa kwa nini watu wanasema Mungu aliukasirikia akaupanda kichwa chini. Alafu ukitazama vizuri unaona vitu vinaning'inia juu, kama panya waliofungwa mkia. Ndo mabuyu yenyewe. Nilicheka peke yangu, mfanyabiashara wa ubuyu anaona buyu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na nne.

Kuna mmoja uko nyuma ya nyumba ya mama mkwe, mkubwa, tulijaribu kuuzunguka kwa kushikana mikono, mimi, mume wangu, wifi na watoto wanne, hatukufikiana. Mama ananiambia huu mpela umekuwepo kabla ya babu yake baba mkwe. Mi nikasikia mpera. Nikasema moyoni huyu mama kachoka na jua, mpera gani huu. Kumbe kwa Kigogo, lugha yao, mbuyu ndo mpela, mume wangu alinicheka mpaka usiku.

Vijana wakarusha fimbo, mabuyu yakadondoka. Ganda lake lina manyoya laini kama velveti, ukishika sana yanawasha. Mama akaokota moja akaligonga kwenye jiwe, pah, ndani ni nyeupe peee! Vipande vyeupe vikavu kama chaki, vimeshikana na nyuzi nyekundu nyekundu, na mbegu ziko katikati. Hakuna kukausha wala kuanika, tunda linakauka lenyewe huko juu mtini likiwa limefungwa na ganda lake. Nikatia mdomoni. Uchachu ule unaujua, ila bila sukari unakuja taratibu, unayeyuka, unabaki na mbegu unaimung'unya tu. Nikasema kumbe huu ndo ubuyu, mi nimekua nauza sukari ya rangi.

Mama alinitazama nikiweka kipande cha tano mdomoni akasema, "Mkwe, utaumwa tumbo, huo si wa kula kama karanga." Nikamwonesha picha za biashara yangu kwenye simu. Akaangalia muda mrefu. Akauliza, "Hiki chekundu ni nini?" Nikamwambia rangi. "Mmeutia rangi kwa nini, ulikua unaumwa?"

Sikua na jibu na sina mpaka leo.

Siku tatu zilizofuata nikawa mwanafunzi. Asubuhi uji wa uwele, ukishaiva unaepuliwa ndo anatia unga wa ubuyu na kukoroga, hautiwi uji ukiwa unachemka. Mtoto wangu wa mwisho alikua anaharisha tangu tulipofika, maji mageni nadhani, akampikia uji mwepesi wenye ubuyu mwingi na chumvi, akasema hii ndo dawa yao ya tumbo la watoto miaka yote (mi pembeni nilimpa na ORS, sitaki kesi, ila uji aliunywa wote na alikua sawa). Unga wenyewe unapatikana kwa kutwanga kidogo kwenye kinu, siyo kwa nguvu, unataka ule weupe uachane na mbegu bila kuzivunja mbegu, alafu unachekecha. Zile nyuzi nyekundu hazitupwi, zinalowekwa zinatoa maji ya kunywa, na mbegu nazo zikishatoka zinakaangwa. Nilitafuna. Siyo korosho lakini ukiwa na njaa utasahau korosho.

Majani hayakuwepo mtini maana ni kiangazi, ila alikua nayo ndani, yaliyochumwa machanga mvua zilipoanza, yakakaushwa, yakatwangwa. Anaweka unga wake kwenye mboga na karanga, inateleza kama mlenda. Mlenda mi siuwezi kivile, nisiwadanganye, nilikula kwa heshima. Ganda la buyu likikatwa vizuri na kusafishwa linakua kata ya kuchotea maji, na hapo ndo kichwa changu kikafunguka, kumbe kibuyu! Tunasema kibuyu kila siku na wala hatufikirii ni mtoto wa neno gani.

Kilichonikamata zaidi ni gome. Chini ya ule mbuyu, kuanzia usawa wa goti mpaka kama mkono wa mtu mrefu unapofika, ngozi yake ina makovu, mapana, mengine kama dirisha lililozibwa. Nikadhani tembo, maana huko Ruaha na Tarangire tembo wanajulikana kwa kuichubua mibuyu wakitafuta maji. Mama akasema hapana, hawa ni sisi. Wanabandua gome kipande, wanalipondaponda, wanatoa nyuzi, wanasokota kamba. Kamba za kufungia mbuzi, za kubebea mzigo, za kitanda. Na mti haufi! Ukichubua mti mwingine kuuzunguka hivyo umeuua, ila mbuyu unaota gome jipya, kovu linabaki tu kama kumbukumbu. Akanionesha pale baba mkwe alipobandua kwa ajili ya kitanda walichoanzia maisha. Kovu liko juu ya kichwa changu kidogo. Baba mkwe amefariki, kitanda hakipo siku nyingi, kovu lipo. Mume wangu aliligusa akaondoka bila kusema kitu, akaenda kukagua mbuzi ambao alishawakagua.

Nikawa najiuliza, mbona miti mingine yote huko imeisha, unakuta visiki na matanuru ya mkaa kila kona, na hii mibuyu imesimama tu katikati ya mashamba ya watu. Nikajibu mwenyewe, heshima, mila, matambiko. Mama akasema yapo, wazee walikua wanaomba mvua kwenye miti na mingine huigusi, lakini mwanangu acha kujipa moyo, mbuyu umepona kwa sababu haufai. Ubao haupasuki, mti wake ni kama sifongo uliojaa maji. Mkaa hautoki, kuni zake moshi mtupu. Mtu mwenye shoka akiufikia anaona shida ya bure, anasogea kwa mwenzake mkambala au mgunga. Basi hapo nilinyamaza kabisa. Kila kitu chake wanatumia, tunda, ganda, mbegu, jani, gome, kivuli, mashimo yake yanakaa nyuki na maji ya mvua, kasoro ule mwili wenyewe, na huo ndo uliouokoa. Nimelifikiria hili mpaka kwenye treni ya kurudi.

Ingawa naona sasa hata huko kutofaa kumepata mteja. Mwaka 2022 kule Kilifi Kenya mibuyu mizima iling'olewa na mitambo isafirishwe kwenda nchi ya Georgia kupandwa kwenye bustani ya tajiri, mpaka Rais Ruto akaagiza uchunguzi. Wenye mashamba walilipwa na wengine walifurahi kupata nafasi ya mahindi, siwezi kuwacheka, sina shamba.

Jioni moja nikamsomea mama kwenye simu kwamba mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kwao, ukiandikishwa kama "chakula kipya". Nikatafsiri vizuri kabisa, kipya. Akaacha kupeta.

"Kipya kwa nani?"

Kisha ndo akanisimulia habari za Mtunya. Nilikua sijawahi kulisikia hilo neno, wakati mume wangu alikua analo kichwani siku zote na hajawahi kunitajia. Ni njaa kubwa ya Ugogo, kama 1917 mpaka 1920, vita vya kwanza vya dunia vimepita hapo, Wajerumani wamechukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, Waingereza wakaja nao wakachukua, mvua nayo ikagoma. Kwao kwa mama walisimuliwa kwamba watu waliishi kwa vya porini, mabuyu ya mwisho, majani, hata miche midogo inayochimbwa mzizi wake ukaliwa kama muhogo. Kwaiyo wazee wao hawakua wanauona mbuyu kama mti wa matunda, waliuona kama ghala. Aliyasema hayo huku anapeta, bila kupaza sauti, na mimi simu yangu bado inawaka mkononi na habari zake za chakula kipya.

Kuhusu mafuta ya ubuyu najua mtaniuliza, maana kuna kipindi mafuta hayo yalikua yanatibu kila kitu mjini kuanzia vipele mpaka ndoa. Mama anapaka ngozi na nywele na ana ngozi nzuri kuliko mimi. Kunywa hanywi. Mafuta mabichi ya hizo mbegu yana aina fulani ya asidi za mafuta ambazo watu wa lishe hawazipendi, zinapungua yakipata moto mkali au yakisafishwa kiwandani, kwaiyo mi nitapaka tu.

Na kitu kingine kidogo, kuna mbuyu mmoja jirani hauzai, wanauita dume. Nikasoma baadae kwamba ua la mbuyu lina vyote viwili, la kiume na la kike humo humo, linafunguka jioni, jeupe kubwa, popo ndo wanakuja kulichavusha usiku na kesho yake limeshanyauka. Sijamwambia mama. Akisema dume ni dume.

Nimerudi Dar na kiroba cha mabuyu mazima na kata moja ambayo mwanangu ameifanya kofia ya jeshi. Wiki iliyopita nikapika oda nusu nyekundu, nusu nikaacha nyeupe, sukari ya kupakwa kwa mbali na iliki basi. Nikapiga picha nikaweka statasi. Mteja wa kwanza, "Dada huu umeisha rangi?" Wa pili, "Huu ni wa jana?" Wa tatu aliununua, akarudi akasema mama yake mzee wa Singida aliula wote akafunga mlango wa chumba. Paketi ishirini na mbili nyekundu ziliisha siku ile ile, nyeupe zimebaki kumi na nne, tunakunywa juisi ya ubuyu humu ndani asubuhi mchana jioni. Kwaiyo leo nimepika nyekundu tena, ndo hii mikono.

Mbegu nilipanda. Ni ngumu balaa, nilizimwagia maji ya moto nikaziacha usiku kucha, nikatia kumi na moja kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini. Zimeota tatu. Na nawaambia ule msemo wa mbuyu ulianza kama mchicha siyo mafumbo, ni vile vile, mche mdogo wa mbuyu majani yake hayajagawanyika vidole kama ya mti mkubwa, ni jani moja moja la kawaida, ukipita unasema mchicha. Mpaka uzae ni miaka kumi kama una bahati, wengine ishirini, na mimi nimepanga hapa nalipa kodi miezi sita sita.

Juzi mama mwenye nyumba alipita kwenye ngazi akalitazama kopo akaniambia, "Mama, huo mchicha wako unakomaa, mbona huchumi?"

Nikamwambia bado kidogo.