Gharama ya mbwa wa pug huanzia puani

Ukiulizia mtoto wa pug Nairobi, matangazo mengi yatakutajia kitu kati ya shilingi 40,000 na 100,000. Bei ikishuka sana chini ya hapo, ujue kuna kitu kimerukwa: chanjo, dawa ya minyoo, au huyo mbwa mwenyewe hayupo. Watu huvutana wiki nzima juu ya elfu tano za bei hiyo. Naona wanabishania mahali pasipo na pesa. Pesa ya pug imejificha kwenye matundu mawili ya pua, na ukijua kuyasoma kabla hujalipa, umeshakwepa bili kubwa kuliko zote.

Pug amezalishwa miaka na miaka ili uso uwe bapa. Mfupa ukafupika, lakini nyama ya ndani haikupungua kwa kiasi hicho. Kaakaa laini linabaki refu na kuning'inia kooni, ulimi ni mnene, matundu ya pua yamebanwa. Mwaka 2022 chuo cha udaktari wa wanyama cha Royal Veterinary College cha London kilitoa utafiti uliolinganisha pug na mbwa wengine wa Uingereza. Pug walikuwa na uwezekano wa kuandikiwa ugonjwa fulani ndani ya mwaka mmoja karibu mara 2 ya wenzao, na kwa ugonjwa wa njia ya hewa peke yake ni karibu mara 54. Uholanzi wamekwenda mbali zaidi: mbwa ambaye urefu wa pua yake haufiki thuluthi moja ya urefu wa fuvu haruhusiwi kuzalishwa, na pug wengi wanaangukia hapo.

Kwa hiyo nenda ukamwone, na uende wakati ameamka. Awe ametimiza wiki 8 angalau. Mtazame pua kwa mbele akiwa ametulia. Tundu zuri liko wazi na lina umbo la koma. Tundu baya ni mstari tu, na akivuta pumzi ukingo wake unanyonywa kwa ndani. Muuzaji atakwambia kwamba pug wote hukoroma na ndio uzuri wao. Mkoromo ni hewa inayogombana na nyama, basi. Mtoto wa wiki 8 anayekoroma akiwa macho, amesimama tu, ni mgonjwa wa kesho.

Halafu omba kumwona mama yake, na baba kama yupo. Tangu 2019 chama cha mbwa cha Uingereza, The Kennel Club, pamoja na Chuo Kikuu cha Cambridge wana kipimo cha kupumua ambacho msingi wake unaweza kuuiga uani: daktari husikiliza koo, mbwa hutembezwa kwa mwendo wa kukimbia polepole dakika 3, kisha husikilizwa tena na kupewa daraja kuanzia 0 hadi 3. Wewe huna kifaa cha kusikilizia, lakini masikio unayo. Mama akilala chini njiani, akitoa sauti ya msumeno, au ikapita dakika kumi bado anahema mdomo wazi asubuhi ya baridi, aga uende. Uliza pia kama alijifungua mwenyewe au kwa upasuaji, na kama yeye au watoto wake wa uzao uliopita walishafanyiwa operesheni ya pua. Mfugaji mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Kuna mitego miwili ya bei. Wa kwanza ni rangi. Pug wa asili ni wa rangi ya mchanga mwenye uso mweusi, au mweusi mwili mzima. Yule wa mabaka ya kijivu anayeuzwa maradufu kwa jina la "adimu" ana damu ya aina nyingine ndani yake, na ukizalisha wawili wa mabaka hayo pamoja, watoto huweza kutoka viziwi au vipofu. Wa pili ni "pug wa kikombe". Hakuna aina hiyo. Pug mzima ana kilo 6.3 hadi 8.1, aliye mdogo kupita kiasi ama ni chotara, ama ameachishwa ziwa mapema, ama halishwi vizuri. Kuhusu arubuni ya M-Pesa kabla hujamwona mbwa, jibu ni hapana. Baada ya arubuni itakuja ada ya usafiri, kisha ada ya kibali, kisha namba itazimwa.

Cheti cha ukoo cha East Africa Kennel Club kina maana kama unataka kwenda kwenye maonyesho au kuhakikisha ni pug kweli. Kinakwambia babu yake ni nani. Hakikwambii kama babu alikuwa akipumua vizuri.

Miezi minne ya kwanza ndiyo yenye risiti nyingi. Chanjo ya pamoja ya distempa, homa ya ini na parvo huanza wiki ya 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Sababu ya kuirudia si kliniki kutaka pesa. Kinga aliyopewa na maziwa ya mama huiua chanjo ya mapema, na hakuna ajuaye kwa macho ni wiki gani kinga hiyo itakwisha. Dozi moja Nairobi ni kama shilingi 1,500 hadi 3,000. Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure. Kadi halali ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye namba ya toleo, pamoja na muhuri wa daktari. Kadi yenye tarehe za kalamu peke yake ihesabu kama haipo na uanze upya. Minyoo: kila wiki 2 mpaka wiki ya 12, kila mwezi mpaka miezi 6, baadaye kila miezi 3.

Parvo hujificha siku 3 hadi 7 kabla ya kutapisha na kuharisha damu, ndiyo maana wengi humnunua mbwa anayeonekana na afya Jumamosi na kumpeleka kwenye dripu Ijumaa. Kulazwa siku tano kunaweza kula bei yote uliyomnunulia. Kama kuna mbwa aliyekufa kwa parvo hapo nyumbani au kwa jirani mnayetumia naye ua mmoja, sakafu ioshwe kwa Jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini, iachwe dakika kumi. Udongo hausafishiki hivyo. Virusi hukaa humo miezi mingi, basi mtoto asiukanyage mpaka amalize chanjo.

Kupe nao wasidharauliwe, maana homa ya kupe huku kwetu huua mbwa wa kila bei. Nunua kidonge au dawa ya kudondoshea mgongoni iliyopimwa kwa uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokorogwa kwa kukisia imewapeleka mbwa wengi wadogo kliniki wakitetemeka na kutokwa mate.

Chakula ndipo watu wanapotarajia kuumia, kumbe ni nafuu. Pug mzima wa kilo 7 aliyefungwa uzazi anahitaji kama kalori 420 hadi 480 kwa siku. Chakula kikavu cha kawaida kina kalori 350 na kitu kwa gramu 100, kwa hiyo ni gramu 120 hadi 130 kwa siku, yaani kilo 4 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya duka lako: kilo ikiwa shilingi 400, mwezi ni 1,600. Usinunue gunia la kilo 15 kwa tamaa ya punguzo. Litachukua karibu miezi minne, na mafuta ya chakula yakishafunguliwa huanza kuchacha baada ya wiki sita hivi. Mtoto hula mara 4 kwa siku, akifika miezi 3 mara 3, baada ya miezi 6 mara 2. Pima kwa mizani ya jikoni, kwa sababu kikombe hudanganya. Ugali na supu ya omena si sumu, ila unga wenye ukungu ni sumu kweli, na ugali wa kujaza tumbo humnenepesha. Kilo moja ya ziada kwa pug ni sawa na asilimia 14 ya mwili wake, na mafuta hayo hukaa mpaka shingoni, palepale penye njia ya hewa. Mbavu zake uzihisi kwa vidole bila kukandamiza.

Mwambie na dada wa nyumbani. Pug wengi hunenepeshwa na mtu ambaye hakuambiwa.

Sasa joto, hasa kwa walio Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, hewa ikipita juu ya nyama yenye unyevu puani na mdomoni. Pug ana pua fupi, na hewa ya pwani tayari imejaa unyevu, kwa hiyo anahema kwa bidii bila kupoa, koo linavimba, hewa inazidi kuwa haba. Feni peke yake haimsaidii sana kwa kuwa hatoki jasho mwilini kama binadamu. Mloweshe tumbo na kifua kwanza, ndipo feni ifanye kazi. Matembezi yawe kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Safari ya barabara kati ya Nairobi na Mombasa iwe ya usiku, maana foleni ya mchana pale Voi inatosha kumuua. Ulimi ukiwa wa zambarau, au ufizi ukawa mwekundu wa tofali na miguu inayumba, mwagie maji ya bomba mwili mzima palepale huku mtu akimpepea, halafu ndipo uwashe gari. Mpoze kwanza, safari baadaye. Na kama unafikiria kumleta kwa ndege kutoka nje, uliza shirika kwanza. Mengi hayawachukui mbwa wa uso bapa kwenye sehemu ya mizigo, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo pug ni mbwa wa ndani ya nyumba. Mwenye nyumba akubali kabla hujanunua, na leseni ya kaunti uiulizie mapema. Nairobi ina sheria yake ya mbwa ya mwaka 2015.

Macho yametoka nje na kope hazifungi sawasawa, hivyo unyasi, kucha ya paka au kona ya meza humkwaruza. Jicho likifumbwa, likitoa machozi au likawa na wingu la bluu, ni kliniki siku hiyo hiyo. Kidonda cha jicho cha pug kinaweza kutoboka ndani ya siku mbili. Usimtilie matone ya jicho ya binadamu yaliyobaki kabatini, kwani yenye steroidi huzidisha kidonda. Mfunge mkanda wa kifuani, si wa shingoni, maana mvuto wa shingo unaweza kusukuma jicho likatoka kabisa. Likitoka, lifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi ya dripu, usilirudishe mwenyewe, na kimbia.

Mikunjo ya uso hufutwa kila siku kwa pamba yenye maji hayo hayo ya chumvi, kisha hukaushwa mpaka ndani kabisa. Kuloanisha bila kukausha ni kulima ukungu. Kucha kila wiki 3 au 4. Meno 42 yamebanana kwenye taya fupi, kwa hiyo anza kuyasugua angali mdogo.

Wengine hununua jike wakisema watarudisha pesa kwa watoto. Piga hesabu yake. Uzao huwa wanne au watano, baadhi ya pug huishia kuzaa kwa upasuaji kwa kuwa vichwa ni vipana, na mama mwenye uso bapa mara nyingi hawezi kupasua kwa meno mfuko mwembamba anaozaliwa nao mtoto, basi wewe utakesha ukifanya kazi hiyo kwa taulo. Toa upasuaji, chanjo za watoto na wale watakaokufa, uone kinachobaki.

Ni nafuu kumfunga uzazi. Omba makadirio ya maandishi na uulize mambo matatu: kuna mpira wa hewa wa kuingizwa kooni, kuna oksijeni, na nani atakaa naye mpaka ainue kichwa mwenyewe? Mara nyingi pug hafi wakati anakatwa. Hatari kubwa ni pale mpira umeshatolewa na koo limelegea. Kama matundu ya pua ni membamba, mwambie daktari ayapanue siku hiyo hiyo: dawa ya usingizi mara moja, bili moja.